Wakala Anataka Mume wa Razia Afe

Saa tatu na nusu asubuhi. Razia Fidahussein amekwisha kuwashusha wanafunzi wote, amepita kiti kwa kiti kuangalia kama kuna aliyesinzia, na sasa ameegesha basi la shule, lile la njano, nyuma ya duka la matairi huko Thornhill, ughaibuni. Anamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, anavua glavu moja tu, ya mkono wa kulia, anafungua daftari.

Mpaka saa nane mchana, basi hili ndilo ofisi yake.

"Nyumbani siwezi kuandika," anasema. "Nikikaa tu, mtu anauliza chumvi iko wapi."

Mzaliwa huyu wa Tanga, mwenye miaka hamsini na miwili, alitumia miaka sita kuandika riwaya ya Kiingereza kuhusu mjane ambaye marehemu mumewe alicheza kamari mpaka duka likaisha. Aliituma kwa wachapishaji tisa. Bahasha zikarudi bila kufunguliwa. Siku hizi, aliambiwa, wakubwa hao hawapokei kitu ila kupitia kwa wakala wa waandishi.

Razia alipata wakala mwaka jana, 2008. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Kwanza wakala huyo, mwanamke, alitaka sura tatu za mwanzo zikatwe. Zikakatwa. Akataka mjane awe kijana zaidi. Akapunguzwa miaka kumi na mitano. Wiki iliyopita akapiga simu: riwaya haziuziki, kitabu kitoke kama kisa cha kweli cha maisha ya Razia mwenyewe. Asaini mkataba kufikia Ijumaa.

"Nikamwambia, dada, mume wangu yu hai! Tena yuko jikoni, anakula!"

Mume mwenyewe, Moez, fundi wa miwani, alisikia yote.

"Yaani mcheza kamari ndiye mimi?"

"Na umekufa," Razia akamjibu.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Ini. Pombe."

"Mke wangu, hata bia sijawahi kuinusa! Msikitini nitakaa na nani?"

Razia hacheki anaposimulia. Kati yake na jina lake kwenye jalada ilibaki saini moja tu.

"Unajua kinachoniudhi? Yule mtu nilimtunga. Kila kikohozi chake nilikitunga mimi. Sasa nidanganye kwamba nilimwona tu, nikanakili?"

Ijumaa aliurudisha mkataba bila saini.

Leo daftari lina majina kumi na moja ya mawakala wengine. Atawapigia mmoja mmoja, kabla ya saa nane.

"Na huyo wa kwanza namuuliza kabla hata ya salamu: mume wangu unamtaka hai au maiti?"