Paladiamu Ndani ya Seli Hai

Kwa mwaka mzima nilitoka nyumbani Guildford, Uingereza, kila asubuhi kwenda maabara kushindwa. Nilikuwa nasomea uzamivu wa kemia, na kazi yangu ilikuwa kuifanya metali inayoitwa paladiamu iamshe dawa ndani ya seli hai za saratani. Dawa ingeingia mwilini ikiwa imefungwa, haina madhara, kisha paladiamu iifungue penye uvimbe tu.

Badala ya dawa, nilianza na rangi inayong'aa ikifunguliwa. Kwenye maji matupu iling'aa vizuri. Ndani ya seli, giza. Protini zenye salfa ziliing'ang'ania paladiamu ikaishiwa nguvu. Nikiongeza kipimo, seli zinakufa, nami nilitaka baadaye dawa ndiyo iue, si metali.

"Andika kwamba haiwezekani," profesa aliyenisimamia aliniambia. "Hilo nalo ni jibu." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma.

Nikamwomba miezi mitatu. Nikaificha paladiamu ndani ya vipira vya plastiki, vidogo kiasi cha kuingia kwenye seli, vyenye matundu ya kupitisha rangi lakini si protini.

Jumanne moja nikaangalia kwenye hadubini. Seli zisizo na paladiamu zilikuwa nyeusi. Zenye paladiamu ziling'aa kijani, zote. Nilizitazama mpaka shingo ikauma. Kesho yake zilikuwa bado hai, nyingine zinagawanyika.

Profesa aliinamia lenzi.

"Rudia mara tatu," akasema.

Nikarudia mara nne.

Siku ya kuwasilisha matokeo chuoni, mama alitoka Liverpool anakohudumia wazee, akaja na sare yake ya kazi, akakaa nyuma kabisa. Wakati wa maswali akanyoosha mkono.

"Sasa ile chuma haikuziua?" akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu.

Niliwatafsiria wenzangu, lakini nilimjibu yeye kwanza. "Hapana, mama. Ziko hai, na paladiamu inaendelea na kazi."

"Basi umeweza."

Akaanza kupiga makofi peke yake. Profesa akasimama, naye akapiga, kisha ukumbi mzima.

Jioni nikamsikia mama kwenye simu akimweleza dada yake aliye Bukavu: "Dawa inaingia imelala. Chuma ndiyo inaiamsha, pale kwenye ugonjwa tu." Nilisubiri nimsahihishe. Hakukosea popote.