Brashi Zisizochafuka

Nakumbuka siku moja nilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri nikiosha brashi saba ambazo zilikuwa hazijagusa rangi. Nilizipanga juani kwa ukubwa wake, nikaona mpangilio umekaa vibaya, nikazipanga upya. Ungeniuliza ninafanya nini, ningekujibu kwa uso mkavu kwamba niko kazini. Ndiyo maana, mwanangu, ukija hapa na daftari jipya na kalamu tatu, ukaniambia uko mbioni kuanza kuandika, mimi sikuamini. Usinune. Mwizi aliyestaafu ndiye ajuaye dirisha lipi halifungi vizuri.

Zilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Morogoro yalipoanza kujaa tena baada ya miaka ya foleni. Kila aliyefungua saluni, hoteli au mashine ya kusaga alitaka kibao, na mimi nilikuwa mwandika vibao, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye kibanda karibu na soko. Kibao cha nyama choma nilikimaliza kabla mwenye duka hajamaliza chai yake. Lakini hilo kwangu lilikuwa jambo dogo. Nilitaka kuitwa msanii.

Basi mwanzo wa masika bibi yangu mzaa mama, Bibi Sesilia, alinipa nafasi hiyo. Aliishi juu Mgeta, akilima njegere na kabichi, na kila Jumamosi alishuka kupitia Mlali kuja kuuza sokoni. Kama walivyo mabibi wengi kwetu, alinitania kwa kuniita mume wake. Siku hiyo hakutania.

"Mume wangu, nichore," alisema. "Hospitali wameniambia hii ni presha ya macho. Wamenipa dawa, lakini mwanga utaendelea kupungua, na ukishaondoka haurudi. Sura ya mama yangu nimeisahau, hakuna aliyeichora wala kuipiga picha. Yangu nataka niione mwenyewe, niseme kama ni mimi."

Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamchora kwa penseli kwenye karatasi, nikamwahidi picha ya rangi juu ya bati. Bati nikalinyoosha, nikalipaka rangi nyeupe ya chini siku hiyohiyo. Hapo, mwanangu, ndipo kazi ilipoishia kwa miezi sita.

Kwanza nilizishuku rangi. Enzi zile makopo yalikuja kutoka kila upande wa dunia, maandishi yake hata mwenye duka hayajui. Nikasema, siwezi kumpaka bibi yangu rangi ya wasiwasi. Nikawa mpelelezi. Nilizinusa, nikazipaka kwenye misumari, nikazianika, nikazimwagia maji, nikaandika kwenye daftari ipi imebabuka na ipi imevumilia. Daftari likajaa. Bati likabaki jeupe.

Halafu nikazishuku brashi. Kondakta mmoja aliniambia Gairo kuna mtu anauza brashi za manyoya halisi. Nikapanda basi hadi Gairo, nikamkuta mtu huyo anauza mafagio. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi niliijua methali hiyo, tena nilikuwa nimeiandika kwenye kibao cha mteja kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Wiki nyingine nzima nilijifunza kutia sahihi yangu ya kisanii, itakayokaa pembeni ya picha, yenye mkia mrefu kama wa kima.

Lakini mshukiwa wangu mkuu alikuwa Mzee Shomari. Huyu alikuwa mwandika vibao wa zamani, kibanda chake kikitazamana na changu. Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kwake na kikombe cha kahawa, akiangalia kwangu. Nikajua tu: anataka kuniibia wazo. Nikalifunika bati kwa kitenge. Nikaona kitenge hakitoshi, nikatengeneza sanduku. Nikaona sanduku halina kufuli. Mwanangu, nililifungia bati tupu kwa kufuli, na ufunguo nikauning'iniza shingoni.

Na bibi je? Bibi alikuja kila Jumamosi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umefika wapi?"

"Imebaki kidogo tu. Ila rangi haijakauka, usifunue."

"Rangi gani hii isiyokauka? Hata matope ya Mgeta hukauka."

"Ndiyo rangi za kisanii, bibi. Haraka haraka haina baraka."

Unaona methali inavyoweza kuvishwa nguo za uvivu? Ukimsikia mtu wa sanaa anakutajia baraka za kutokuwa na haraka, kagua mikono yake kwanza. Mimi yangu ilikuwa misafi kuliko ya karani wa posta. Na kila bibi alipokuja nilimkodolea macho vidole, nisije nikamwona anashika kitenge. Vidole vyake nilivijua vyote. Macho yake sikuyaangalia hata mara moja, nami mpaka leo naona aibu kulisema hilo.

Kipupwe kikapita. Jumapili moja baada ya adhuhuri, nikiwa naosha brashi zangu saba, Mzee Shomari akavuka barabara. Nikashika ufunguo shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakukaa. Aliokota brashi moja, akainusa, akairudisha. "Kijana, hii brashi haijawahi kukutana na rangi. Miezi sita nakutazama unaosha vitu visafi, nikawa najiuliza huyu mtoto anaumwa au vipi."

Nikajichekesha. Yeye hakucheka.

"Jana bibi yako aliingia kwangu," akasema. "Akanishika mkono, akaniita mume wangu, akaniuliza nimefika wapi. Nikadhani ananitania mtu mzima mwenzake. Halafu akagusa kibao cha duka la mtu, bado kibichi, akasema, 'Nashukuru Mungu, leo rangi imechafua vidole.' Mimi ndiye niliyemfuta kwa tapentaini. Kijana, yule mama haoni."

Nilikuwa nikimzuia mwizi asiingie, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nilifungua sanduku mbele ya Mzee Shomari, akaona bati jeupe. Alienda kwake, akarudi na kopo lake la rangi ya kahawia, akaliweka mezani, akaondoka.

Nilimaliza kwa siku tatu. Brashi ilikuwa ileile niliyoidharau, na rangi zilezile nilizozishitaki. Nilimchora bibi yangu na mkunjo wake wa kushoto wa mdomo, ule unaotangulia utani. Nikalainisha kazi kama ifanyavyo fani yetu, kwa maana mwandika vibao hodari haachi alama ya brashi. Picha ilifanana, mwanangu. Sijisifu.

Ikakauka, safari hii kweli. Nikaibeba mgongoni hadi Mgeta. Nilimkuta bibi amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye jua, kwa kuwa mwanga huo ndio peke yake uliokuwa umemsalia. Jirani yake, Mama Skola, alikuwa akimchambulia njegere.

"Bibi, nimeleta. Imekwisha."

Akapokea bati, akaliweka mapajani. Akapitisha vidole vyote kumi taratibu, juu hadi chini, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Ulaini ule niliojivunia ukanisaliti.

"Nasikia bati tu," akasema.

"Bibi, umo humo. Nakuapia."

"Uliniambia pia imebaki kidogo tu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama Skola, humu kuna nini?"

"Ni wewe, mama," Mama Skola akajibu, machozi yakimlengalenga. "Ni wewe mwenyewe, hata mdomo."

Bibi akatikisa kichwa, mkunjo ule wa kushoto ukatokea. "Amekufundisha useme hivyo. Haya, mume wangu, litundike pale ukutani penye ufa. Kama nimo, nitakaa. Kama simo, litaziba upepo."

Nikalitundika. Aliishi miaka minne mingine chini ya picha ile, na hakuna aliyeweza kumhakikishia, si mimi, si mama yangu, si padri. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimeufikia mwisho wake kabla sijaanza kusema kweli.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na usiiandike kwenye kibao. Acha kuishuku kalamu, mwanga, jirani na siku. Mshuku yule anayekuambia uko karibu kuanza, kwa sababu anaongea kwa sauti yako. Anza kabla meza haijapangwa, kwa brashi mbovu, na ukiharibu, utafuta. Ukiulizwa umefika wapi na hujaanza, sema hujaanza. Na kila unapochelewa, mwangalie usoni anayekusubiri, maana kazi inaweza kungoja lakini yeye huenda asiweze.

Lile bati ninalo hapa ukutani, maana nyumba hii ndiyo ile ya bibi. Ufa nimeuziba zamani kwa saruji, ila bati sijalitoa. Nenda sasa. Mungu akuchafulie mikono yako mapema, na akuwekee macho ya wale unaowafanyia kazi, wakione ulichofanya, wakuamini.