Neno Nililofungia Nyimbo za Kwaya

Mpaka leo nikiisimulia hii habari masikio yanawaka moto, lakini bon, nyinyi ni watu wangu, na wengine mmeshaisikia kwa watu walioongeza chumvi, afadhali muipate kwangu mimi mwenyewe niliyevuliwa nguo mchana kweupe mbele ya kwaya nzima (nguo za moyo namaanisha, zile za mwili nilikuwa nazo, tena kitenge kipya).

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapahapa Gisenyi, barabara zimeanza kutulia na watu wameanza tena kualikana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi na kaka yangu Damas katika nyumba ya wazazi, na mtaa mzima kompyuta inayowaka ilikuwa moja tu, ya kwetu. Damas aliitoa Kigali pamoja na printa yake, ofisi yao ilipobadilisha mashine, akasafiri nayo kwenye minibasi ameipakata kama mtoto mgonjwa. Nikaifumia kitambaa cheupe, na wageni wakija nakifunua polepole ili waone vizuri. Kuchapa nilikuwa sijui, nasema ukweli, nilitafuta herufi mojamoja kwa kidole kama kuku anayedonoa mtama, lakini hilo halikunizuia kusimama mbele ya kwaya, tulipoambiwa kwamba kwaya za Goma na Kibuye zinakuja kuimba na sisi, na kusema kwa sauti ya mtu mkubwa: "Nyimbo zote nitaziandika mimi, kwa kompyuta!"

Nyimbo zenyewe zilikuwa mpya, zimetungwa na mwalimu wetu wa kwaya, Azarias.

Hapa nipumue kidogo. Azarias alikuwa fundi wa injini za maboti pale ziwani, kijana mrefu, mpole, mikono yake inanuka mafuta ya mazutu hata Jumapili, lakini akiinua mikono hiyo kutuongoza sisi wa soprano, we acha tu. Nilikuwa nampenda na hakuna aliyejua. Si Damas, si rafiki zangu, na yeye mwenyewe ndiyo kabisa.

Basi akaniletea karatasi zake, nikadonoa wiki nzima, nikamaliza, nikaziweka nyimbo zote kwenye dosiye moja, yaani faili. Sasa Damas ana mkono mwepesi, kila nikigeuka yuko kwenye mashine, anafungua hiki, anafuta kile, nikaogopa ataniharibia kazi. Kulikuwa na programu ndogo ya kufungia madosiye, rafiki yake alituwekea kwa disketi, nikaifungua, ikaniomba neno la siri. Nikaangalia mlangoni. Niko peke yangu. Mashine yenyewe haionyeshi unachoandika, inatoa vinyota tu, nani ataona? Nikaandika: azariaswangu. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Na zile karatasi (mnisamehe) nikazitumia kuwashia makaa, maana nilishajiambia, karatasi za nini tena, kila kitu kiko ndani ya mashine.

Jumamosi asubuhi, kesho yake ndiyo wageni wanafika, kwaya nzima ikaja kwetu kuchukua nyimbo. Wamejaa sebuleni mpaka kwenye mikono ya viti, wengine wamesimama dirishani kwa nje. Mimi na furaha yangu nikapita katikati yao na sinia ya chai ya maziwa, huku naelekea kufunua kitambaa changu, goti likagonga meza, kikombe kikamwagika chote juu ya klaviye. Vile vitufe vya herufi vikaanza kulia tii-tii-tii, halafu vikanyamaza kabisa.

"Yampayinka!" watu wakashangaa pamoja, kwa sauti nne.

Jirani yetu Peace, aliyerudi kutoka Uganda, alikuwa na kompyuta iliyokufa lakini klaviye yake nzima. Akakimbia kuileta, tukazima mashine, tukachomeka, tukawasha.

"Herufi za kwetu hazikai kama zenu," Peace akaniambia, "angalia vizuri."

Niliona kweli kuna herufi zimehama, ile A haikuwa pale nilipoizoea, lakini nikasema moyoni, A ni A, Uganda au Ufaransa. Nikabonyeza dosiye. Ikaomba neno. Nikaikinga klaviye kwa kifua, nikadonoa neno langu. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Nikajifuta jasho, nikarudia herufi kwa herufi, ikanitolea kile kisanduku chake cha kusema neno si lenyewe.

"Iko inasema nini?" akauliza Mama Feza. Huyu alikuwa rais wa kwaya, mama wa kuuza samaki wadogo wa sambaza sokoni, sauti yake inavuka barriyeri ya mpakani mpaka Goma bila kuonyesha kitambulisho.

"Inasema nimekosea neno, Mama."

"We unatetemeka, njo maana. Toka kwa kiti. Azarias, ikala, we uandike. Vestine, sema neno."

"Mama, ni neno ya siri."

"Siri gani kwa nyimbo za Mungu? Kesho wageni wanafika, tutaimba nini? Sema!"

Azarias akakaa, vidole vyake virefu viko tayari juu ya klaviye, ananiangalia kwa upole. Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikafikiria zile nyimbo, na zile karatasi zilizochemsha maharagwe yangu. Nikasema chinichini.

"Sauti!" Mama Feza akasema. "Si njo we unaimbaka soprano?"

Nikafumba macho. "Azarias wangu."

"Ee, niko hapa," Azarias akajibu. "Sema sasa neno."

"Njo hiyo neno," nikasema.

Jamani. Mtu mmoja wa besi akapiga mluzi, dirisha likaanza kucheka, na Azarias, ambaye masikio yake yalikuwa yameiva kama nyanya, akageukia mashine, akaandika jina lake mwenyewe na lile "wangu" langu, herufi kwa herufi, akabonyeza.

Ikakataa.

Sijawahi kupenda mashine kama nilivyoipenda dakika ile! Nikaruka: "Mmeona? Mmeona? Nilikuwa natania! Neno lenyewe nimelisahau, nilitaka tu kuwachekesha!"

Lakini kwaya yetu ilikuwa imeshapata kazi. "Ngoja," Mama Feza akasema, "labda uliweka mpenzi mbele." Azarias akaandika mpenzi mbele. Ikakataa. "Weka wa roho," wakasema wa alto. Ikakataa. "Muweke tajiri," Damas akasema, ndugu yangu wa damu, "dada yangu anapendaka mutu wa kazi muzuri." Wakajaribu kwa herufi kubwa, wakajaribu kwa Kifaransa, Peace akajaribu kwa Kiingereza, kila jina la mahaba linalojulikana kuanzia Rugerero mpaka Kanama lilichapwa siku ile sebuleni kwetu, na kijana wa watu ndiye anachapa, bila kuinua kichwa. Yote yalikataliwa. Mwishoni hata wao wakaanza kuamini kwamba kweli nilikuwa natania, na mimi nikaanza kupumua.

"Bon," Mama Feza akasema, sasa bila kucheka, "donc nyimbo zimepotea." Akamuuliza Azarias kama anazikumbuka. Azarias alikumbuka viitikio vyote, lakini beti akawa anazichanganya, za wimbo huu anazipeleka kwenye ule, na nikaona uso wake. Alikuwa amezitunga miezi mingi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Tuandike upya kile tunachokumbuka," nikasema, nikarudi kwenye kiti, nikafungua ukurasa mtupu. Wimbo wa kwanza uliitwa Amani. Nikadonoa A, M, A, N, I. Nikainua macho.

Kwenye kioo paliandikwa: Q,qni.

"Hiyo ni luga gani?" Mama Feza akauliza.

Nikafuta, nikarudia. Q,qni. Nikabonyeza A peke yake: q. Nikabonyeza Q: a! Mashine ilikuwa bado inadhani imeshika klaviye yake ya zamani, ya Kifaransa, kila kitufe inakihesabu kwa mahali kilipokuwa kikikaa, haijui kwamba Peace ametuletea klaviye ngeni! Nikasimama mpaka kiti kikaanguka, nikapiga kelele: "Nimepata! Nimepata! Neno lilikuwa sawa, ni klaviye inadanganya! Neno lilikuwa sawa kabisa!"

Nikamaliza kusema ndipo nikasikia nilichosema.

Wote wananiangalia. Mama Feza ameweka mkono mdomoni. Ningeweza kukaa kimya, nyinyi mnaelewa? Dakika moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeokoka! Nikaokota kiti, nikakaa, sijui nianze na kitufe gani.

Azarias akainama karibu yangu, ameshika ile klaviye yetu iliyolowa chai, analinganisha herufi. "Anza na Q," akasema polepole. "Halafu W."

Akanisomea jina lake lote namna hiyo, kwa vitufe vya uongo, mimi nabonyeza. Mwisho wake nikabonyeza u, nikafunga macho. Dosiye ikafunguka. Nyimbo zote ziko ndani, zimejipanga, hakuna hata moja iliyokwaruzwa, na nyumba ikalipuka, watu wanakumbatiana, wanapiga vigelegele, sijui ni vya nyimbo au ni vyangu. Printa ikaanza kulia, Mama Feza akaanzisha kiitikio cha Amani kabla karatasi ya kwanza haijatoka.

Kufika Jumapili, habari ilikuwa imeshatutangulia kanisani, mpaka kwaya ya Goma ilikuwa inajua. Azarias alipoinua mikono, safu nzima ya wageni iligeuka kuangalia soprano. Tuliimba vizuri, hilo nawaapia. Mimi niliimba nikiangalia viatu vyangu.

Wiki iliyofuata akaja nyumbani, akaongea kirefu juu ya makosa ya sauti ya pili, nikamwandalia chai, akainywa yote. Alipofika mlangoni akasimama.

"Ile neno, ulishabadilisha?"

"Nabadilisha leo," nikasema.

"Usibadilishe," akasema, akaondoka bila kugeuka, karibu agonge baiskeli ya watu.

Nilibadilisha. Siku ileile. Yeye anaelewa, tumeshaongea mambo hayo mara nyingi tangu tuoane, na bado ananitania. Lakini nilijiapia, na nawaambia na nyinyi wenye mashine nyumbani: ukifunga kitu chako, chagua neno ambalo hata ukilazimishwa kulipigia kelele katikati ya soko la Gisenyi, watu watafikiri unauza. Langu sasa ni jina la mboga. Msiniulize ni mboga gani.