Robo Mzunguko, Kulia

Kisigino changu cha kushoto kilikuwa hakijagusa sakafu tangu nikiwa na miaka minne, sufuria ya uji ya mama iliponimwagikia mguuni. Kovu liliuvuta mguu, nikabaki kutembelea vidole. Nilipofika miaka kumi na tisa nilijinunulia viatu vya mtumba, nikaviweka juu ya kabati. Nilitaka kuvivaa vyote viwili, si kimoja.

Daktari alinifungia fremu ya vyuma nje ya mguu, pini zake zikiingia hadi kwenye mfupa. Ilikuwa na nati za kuzungusha kidogo kidogo ili mguu unyooke. Maelekezo alipewa mama, mimi nikiwa bado nimelewa dawa ya usingizi.

Nyumbani Nyakato, televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mtaani, basi vyuma vyangu vikaitwa antena. Jirani mmoja aliniuliza nashika stesheni ngapi. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Kila asubuhi mama alisafisha pini kwa maji ya chumvi, kisha akashika spana. Akizungusha, nilipiga kelele. Nikijikaza, alinikemea: "Lia, mwanangu! Daktari kasema." Nilimwona katili.

Wiki ya pili tulirudi hospitali. Daktari akapima, akakunja uso: kisigino kilikuwa kimepanda badala ya kushuka. Niliogopa kweli. Niliona viatu vyangu vitazeekea pale pale juu ya kabati.

"Mama, unazungusha upande gani?" akamuuliza.

"Huku." Mama akaonyesha kushoto.

"Si nilikwambia robo mzunguko, kulia, kila asubuhi?"

"Daktari, mbona analia kila asubuhi! Asipolia namwambia alie."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mama hakucheka. Lugha yake ni Kisukuma, Kiswahili alikiokota sokoni. Alijifuta uso kwa kitenge, akasema sufuria ilikuwa yake, na sasa spana nayo. Hapo hasira zangu zote zikaisha. Daktari akamshika mkono anaolia ugali. "Zungusha kuelekea huu."

Tangu siku hiyo tukauita upande wa ugali, na mguu ukaanza kushuka.

Vyuma vilipotolewa, plasta ngumu ya kushikilia mguu nayo ikaja ikatoka, nilisimama kwenye sakafu ya hospitali. Ubaridi wa saruji ukanifika kisiginoni. Mama alikuwa ameshika viatu vyangu, machozi yanamtiririka.

"Kulia gani huko, mama?"

"Huku ndiko nilikosikia mimi," akasema, akainama kunivalisha.