Mashine Mbili za Mulei

Kwa miaka kumi na minne Phanuel Ouma alilipwa mshahara ili akae kitini asikilize. Kiwanda cha santuri alichofanyia kazi, kule eneo la viwanda, Industrial Area, kilimpa chumba kidogo kisicho na dirisha, na nakala ya kwanza ya kila wimbo ililetwa kwake. Akisema ni safi, kazi inaendelea. Akisema ina kasoro, mashine zinazimwa. Kaseti zilipoenea kiwanda kikafungwa, naye akafungua kibanda Kisumu Ndogo, mtaani Kibera, nyuma ya wauza samaki wadogo wa omena, akawa fundi wa redio.

Kwa hiyo alishangaa, mwaka wa 1996, Mulei alipotoka Kawangware kuja kumtafuta kwa habari ya santuri. Mulei alikuwa na baa, na kwenye mnada wa vitu vya wageni waliokuwa wakihama nchi alikuwa amenunua gramafoni mbili za bei ya juu.

"Mama watoto amesema nyumba yake si stoo," alisema. "Moja ibaki, moja iende. Wewe ndiye unajua kusikia, fundi. Ipi?"

Jumamosi asubuhi, kabla baa haijafunguliwa, Phanuel alifika Kawangware kwa miguu, akiwa na santuri moja ya zamani aliyoifunga kwa gazeti. Aliichagua kwa sababu aliijua yote, mwanzo hadi mwisho, au ndivyo alivyodhani.

Moja ya mashine ilikuwa ya Mjerumani, nzito kama jiwe la kusagia, sahani yake ikizungushwa na mkanda wa mpira. Nyingine ilikuwa ya Mjapani, mota imekaa chini ya sahani yenyewe. Mulei alianza kuisifu ya Mjerumani, Phanuel akamwomba anyamaze. Alitumia sindano ile ile kwa zote mbili, akaziunganisha na amplifaya moja, akasawazisha sauti. Kisha akakaa akizipa mgongo, akamwambia Nthenya, mke wa Mulei, awe akibadilisha bila kumwambia ni ipi inayocheza.

Ya kwanza ilitoa besi imara, na mwendo haukuyumba hata kidogo. Ya pili ilikuwa nyepesi kule chini, lakini kila chombo kilisimama mahali pake. Angeweza kuonyesha kwa kidole mpiga gita alikuwa upande gani. Halafu, baada ya ubeti wa pili, kabla gita halijaingia, mtu akakohoa.

"Rudisha hapo, mama."

Kikohozi kilikuwepo. Akaomba ile ya kwanza tena. Kilikuwepo hata huko, ila kimefunikwa na ngoma, na asiyejua asingekisikia.

"Kuna shida?" Mulei aliuliza.

"Si ya mashine," Phanuel alisema.

Mwaka wa 1979 mwenye wimbo huo, mpiga gita aitwaye Wepukhulu, alikuja kiwandani akitaka uchapaji usimamishwe. Alisema nduguye Timothy, mpiga besi, alikuwa amekohoa studio wakati wa kurekodi. Timothy alikuwa mgonjwa wa kifua, na yeye Wepukhulu hakutaka mama yao akae akisikia jambo hilo redioni. Phanuel alisikiliza mara tatu, akamwambia bosi hakuna kitu, huyu jamaa amelewa. Wepukhulu alisindikizwa hadi getini. Timothy alikufa kabla ya mwaka kuisha. Tangu siku ile ya getini, ingawa Phanuel na Wepukhulu wote waliishi Kibera, walisalimiana kwa kichwa tu.

Jumamosi hiyo hiyo, alipotoka kwa Mulei, Phanuel alipita Sarang'ombe, huko huko Kibera. Wepukhulu, ambaye sasa alikuwa seremala, alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda.

"Nimekisikia kile kikohozi," Phanuel alimwambia. "Ulisema ukweli. Mashine ya kiwanda ndiyo haikuweza kukitoa."

Wepukhulu hakuacha kazi. "Mimi sikuhitaji mashine. Nilikuwa nimesimama kando yake."

"Nilikosa. Nilikuaibisha mbele ya watu."

Ubao ulipigwa randa hadi mwisho. "Iko wapi hiyo mashine?"

Jumatatu walikwenda pamoja Kawangware. Nthenya aliweka santuri kwenye ya Mjerumani. Wepukhulu alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni. Kikohozi kilipopita, aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa jina, akaacha wimbo uishe.

"Ni yeye," alisema. Kisha: "Lakini besi yake haikuwa nyembamba hivi. Wekeni ile nyingine."

Wakaweka ile ya Mjapani. "Hii ndiyo besi ya Timothy," alisema Wepukhulu.

Hukumu ya Phanuel ilikuwa fupi. Ya Mjerumani ni ya mtu aliyekaa kimya peke yake. Watu wakicheza dansi sindano itaruka. Ya Mjapani ibaki baa. Mulei alisikitika, maana ile nzito ilimvutia macho, lakini aliiuza wiki hiyo hiyo kwa daktari mmoja wa Lavington.

Njiani kurudi Kibera, Phanuel alishikilia kwamba ya Mjerumani ilikuwa na ukweli zaidi. Wepukhulu alimwambia masikio yake yaliharibiwa na kile chumba kisicho na dirisha. Walibishana hadi Makina, wakasimama dukani kununua sigara, wakaendelea kubishana.