Usaili wa Kazi Yangu Mwenyewe

Niliitwa kwenye usaili wa kazi niliyokuwa naifanya. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana kila ninayemsimulia ananikatiza na kuniuliza kama nilikuwa nimeomba kazi mahali pengine. Hapana. Ni kiti kilekile, meza ileile, ghala lilelile la nyavu, kamba na injini za boti, hapo karibu na ziwa, ambako nimekuwa karani kwa miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba sikuwa mwajiriwa wa pale. Nilikuwa mtu wa wakala.

Mtu wa wakala ni hivi. Kampuni inayohitaji watu haiwaajiri yenyewe, inaiambia ofisi ya wakala wa ajira iwalete. Wakala ndiye anayekupa mkataba, ndiye anayekulipa, na mkataba wenyewe ni wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha unasaini mwingine, na hapo katikati unamwomba Mungu. Unafanya kazi na wenzako, mnakula wote mihogo saa nne, lakini sherehe ya mwisho wa mwaka ikifika wao wanapewa fulana zenye nembo na wewe unapiga picha ukiwa na gauni lako la kanisani. Fulana sikuzitaka. Nilichokitaka ni bima ya afya. Mwajiriwa wa kudumu pale anaruhusiwa kuwaandikisha wazazi wake, na mimi nina mama mwenye kisukari.

Mama anaishi ng'ambo, upande wa Busisi. Zamani kumleta kliniki mjini ilikuwa ni kusubiri kivuko mpaka jua linakuwa kali, yeye ameketi juu ya mfuko wake, miguu imevimba. Siku hizi daraja lipo, na mara nyingine anafika Kigongo, upande wa huku, kabla sijamaliza kuoga. Safari haitusumbui tena. Kinachotusumbua ni dirisha la kulipia dawa.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba nafasi yangu sasa itakuwa ya kudumu, nilifurahi. Furaha yenyewe haikufika mbali, kwa sababu sentensi iliyofuata ilisema nafasi hiyo itashindaniwa. Yaani nigombee na watu wa nje kiti nilichokikalia. Nilimuuliza afisa wa rasilimali watu inakuwaje nisailiwe na watu wanaoniona kila siku. Akasema ndio utaratibu, nisiuchukulie moyoni. Niliuchukulia moyoni.

Wakala naye, kwa jinsi anavyotupenda, akaandaa mafunzo. Sote tuliokuwa na usaili mwezi ule tulikusanywa Ilemela, ghorofani, kwenye ukumbi ambao siku nyingine hufanyiwa vikao vya harusi. Mapambo ya zambarau yalikuwa bado yananing'inia dirishani. Mkufunzi alikuwa kijana wa wakala, tai imemkaba, viatu vinang'aa, na alitembea kati ya viti vyetu akipiga makofi kama mtu anayefukuza kuku.

"Ukishavuka mlango, shikamoo iache nje," alisema. "Ukimwamkia mtu umeshajishusha. Unasema, 'Habari za asubuhi, wajumbe wa jopo.' Unamwangalia usoni. Unajiuza!"

Niliinua mkono. "Mwalimu, na kama mle ndani kuna mtu mzima wa kunizaa?"

"Dada'ngu, jopo halina umri."

Watu walicheka, kisha wakaandika. Na mimi nikaandika.

Halafu ikaja sehemu ya udhaifu. Eti ukiulizwa udhaifu wako ni nini, usiseme udhaifu wako. Useme unapenda mno kazi ifanyike kwa ukamilifu. Tulisema hivyo kwa pamoja, ukumbi mzima, sauti zinagonga kwenye mapambo ya harusi, na hata wakati ule nilijiuliza jopo litafanyaje likisikia ukamilifu huohuo kutoka kwa kila atakayeingia. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaonekana mjuaji kwa lile swali la shikamoo.

Lililonishika ni la familia. "Hapa sikilizeni, hasa akina dada," alisema mkufunzi. "Swali la familia ni mtego. Mtu anakuuliza watoto hawajambo, mama hajambo, wewe unadhani ni upendo. Anapiga hesabu ya siku utakazoomba ruhusa! Jibu ni moja tu. Masuala ya familia hayaathiri utendaji wangu wa kazi." Akatukaririsha jibu hilo. Hapo nililegea, kwa sababu ruhusa nilikuwa naziomba kweli, kila kliniki ya mama, na nilikuwa na hofu hiyo muda mrefu kabla yeye hajaitaja. Jioni ile nyumbani Mkolani nilipika ugali huku nakariri. Masuala ya familia hayaathiri. Mume wangu akaniuliza naongea na nani.

Sasa nieleze kuhusu mwenye kampuni. Ni mzee wa Kihindi, amezaliwa hapahapa Mwanza, kakulia kwenye duka la baba yake, na Kisukuma chake kinawashinda wanangu. Kila asubuhi anasimama getini na kikombe cha chai, anatazama watu wanavyoingia. Na kila asubuhi mimi nilikunja goti kidogo, kama tulivyofundishwa nyumbani, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," alijibu. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, anawaita hivyo wanawake wote anaowaheshimu. Kisha hapohapo, "Mama hajambo?"

Hajawahi kumwona mama yangu. Anamjua kwa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu ambavyo mama huvianika mwenyewe na kuniletea kila akija, na fungu moja siku zote ni la mzee. Anaitafuna na chai pale getini. Kisukari anacho na yeye, na michembe anatafuna. Hayo hayanihusu.

Siku ya usaili hakuwepo getini. Nilimkuta ndani. Walikuwa watatu mezani: afisa wa rasilimali watu katikati, mkufunzi wetu wa Ilemela upande mmoja akimwakilisha wakala, na mzee mwishoni, karibu na dirisha. Nilipomwona, goti lilitaka kujikunja lenyewe. Nililikaza. Nilihisi kabisa nikilikaza.

"Habari za asubuhi, wajumbe wa jopo."

"Nzuri," walisema wawili. Mzee alinitazama, halafu akautazama mlango nyuma yangu, kama anayedhani kuna mtu mwingine anakuja.

Nilijibu vizuri, sijisifu. Niliulizwa mzigo ukipokelewa unafanywa nini, nikaeleza. Niliulizwa udhaifu, nikataja ukamilifu, na afisa akaandika bila kuinua uso. Bila shaka alikuwa ameshausikia tangu asubuhi. Mkufunzi alininyooshea dole gumba chini ya meza. Nikaanza kuiona bima. Kwa kweli nilikuwa nimeshafika kwenye dirisha la dawa, nimetoa kadi, mama amesimama pembeni yangu na kitenge chake kizuri.

"Mzee, una swali?" afisa aliuliza.

Mzee alivua miwani akaiweka mezani. "Mama hajambo?"

Naapa lilikuwa swali lilelile, kwa sauti ileile ya getini. Lakini pale mezani kulikuwa na karatasi za alama, na mkufunzi ameinua kidevu ananisubiri, na mimi nikaona mtego. Nilimwangalia mzee machoni, kama nilivyofundishwa.

"Masuala ya familia hayaathiri utendaji wangu wa kazi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Akavaa miwani yake. "Haya," alisema. "Asante." Hakuniita mayu.

Mkufunzi alinifuata kwenye korido akiwa amefurahi kuliko mimi. "Dada'ngu, umewamaliza! Lile la mwisho hasa. Nimekupa alama zote." Alinishika mkono akautikisa. Nilitaka kumwamini. Nilipotoka nje nilimwona mzee kupitia dirishani, bado amekaa palepale, amegeukia ziwani.

Kazi sikuipata. Afisa wa rasilimali watu aliniita ofisini kwake akafunga mlango, na kwa hilo namshukuru, kwani hakulazimika kuniambia lolote. "Kwa alama ulikuwa juu," alisema. "Aliyekataa ni mzee. Kasema karani wake anamfahamu miaka yote, ila huyu aliyeingia leo hamjui, na mtu asiyemjua hawezi kumkabidhi funguo za ghala."

"Lakini si ni mimi?"

"Nilimwambia."

Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, maana ilikuwa hasira tu, huzuni ilikuja baadaye. Nilimkasirikia yule kijana wa tai, anayefundisha watu wa Mwanza waingie kwa wazee wao kama wageni halafu anaita huko kujiamini. Nilimkasirikia mzee zaidi. Kama ananijua, usaili wa nini? Na kama hanijui, miaka yote ile getini alikuwa anamwitikia nani? Asubuhi moja ya adabu iliyokosekana inafutaje asubuhi zote nyingine? Angeweza kucheka. Angeweza kusema, wewe mayu, leo umekuwaje, niambie mama yako hajambo au hapana. Swali lilikuwa moja, angeuliza mara mbili. Na nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu goti langu lilijua na mimi nikalizuia.

Mkufunzi alinipigia simu. Alisema nisikate tamaa, kuna mafunzo ya awamu ya pili, ya kuongeza kujiamini. Nilimkatia simu na sijutii.

Aliyepata ni kijana kutoka Magu, mstaarabu, hana kosa lolote. Hakuwa mtu wa wakala, hakupita Ilemela. Nasikia aliingia akawaamkia wote watatu shikamoo, hata yule mkufunzi ambaye ni rika lake, na mkufunzi akajikuta amejibu marahaba. Mkataba wangu umeongezwa miezi mitatu ili nimwelekeze. Namwelekeza. Ananiita dada, ananinunulia mihogo, na mimi namjibu vizuri huku moyo unachemka.

Getini mzee bado anasimama na chai yake. Siku ya kwanza baada ya majibu nilikunja goti mpaka chini kabisa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema, akatazama ndani ya kikombe.

Nikasubiri. Niliondoa kijiwe kwenye kiatu ambacho hakikuwa na kijiwe. Hakuuliza. Kesho yake hakuuliza, na mpaka leo hajauliza. Ananijibu kila siku, sauti ni ya heshima tu, na mimi napita kwenda kwenye ghala ambalo funguo zake anazo mwingine.

Mama amekuja jana kwa kliniki. Tulisimama dirishani, nikalipa ya wiki mbili badala ya mwezi, naye akajifanya hajaona. Tatizo ni kwamba kwenye simu, siku ile ya usaili, nilimwambia mzee amemuulizia. Niliona angalau apate hilo. Sikumwambia nilijibu nini.

"Mbele ya wakubwa wote wale?" aliniuliza tena jana usiku, amekaa jikoni kwangu amenyoosha miguu. "Kwenye intavyu yenyewe?"

"Kwenye intavyu yenyewe, mama."

"Huyo ni mtu. Ukamwambia sijambo?"

"Nilimwambia."

Akavuta mfuko wake, akatoa michembe, mingi kuliko ya siku zote, imefungwa kwenye kitambaa safi alichokishona pembeni kwa uzi mwekundu. "Mpelekee. Mwambie nimeshukuru kuniulizia." Kisha akauliza kama kazi wameshanijibu, nikasema bado.

Kifurushi kiko mezani hapa ninapoandika. Mama amelala, miguu juu ya mto. Kesho nitakibeba mpaka getini, nitamwamkia mzee, na kabla hajatazama kikombe chake nitamjibu lile swali lake: mama anaumwa.