Kanisa la Mabanzi, Elburgon

Nilikwenda Elburgon kukagua kanisa. Mutwiri, kijana wa kwetu Meru aliyeajiriwa huko kwenye mashine ya mbao, alikuwa ameandika barua kumposa Kaari, mdogo wangu, akaeleza kwamba Wamethodisti wana kanisa huko. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu wanne, na nilimwahidi mama kwamba hakuna atakayeolewa mahali pasipo ibada. Jibu lilikuwa langu. Sikumwambia Mutwiri kwamba nakuja.

Ijumaa, kibali cha kusafiri cha serikali ya mkoloni kikiwa mfukoni, nilipanda lori mpaka Nanyuki, kisha gari la moshi.

Jumamosi, baada ya Nairobi, reli iliteremka bondeni, mlima Longonot ukiwa kushoto kwetu. Karibu na Nakuru niliona ziwa lenye ukingo wa waridi. Abiria mmoja aliniambia ni ndege, nikadhani ananitania. Nililala Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa binamu wa jirani yetu.

Jumapili, saa tatu asubuhi, nilishuka Elburgon kwenye baridi ya msitu wa Mau.

"Pita mashine," mzee wa stesheni alinielekeza. "Utasikia kengele."

Nilichosikia ni chuma kikigongwa: msumeno wa duara uliokwisha meno, umetundikwa mtini. Watu wakaingia katika banda lililokuwa karibu. Nilijua chuma kama hicho huita watu kazini. Kazi, siku ya Bwana! Nilikaa juu ya rundo la mabanzi, vile vipande vya pembeni vinavyobaki gogo likipasuliwa, nikaanza kutunga jibu la kukataa.

"Dada, umekalia kanisa letu," alisema mwanamke aliyekuwa akipita mbio, mtoto mgongoni. Aliitwa Mama Nekesa, mke wa mkata magogo.

"Kanisa gani?"

"Si hayo mabanzi. Tajiri wa mashine ametupa tujenge. Saa hii tunaomba kwa banda la kukaushia mbao. Twende, nikiingia na mgeni hawatanisema kuchelewa."

"Wewe ni Mmethodisti?"

"Kwetu ni dhehebu la Wakwekeri. Lakini nilipougua, hawa ndio walikuja."

Ndani, watu kama ishirini walikaa juu ya magogo, miguu ndani ya maranda. Walikuwa na darasa kama letu la Meru: kiongozi humuuliza kila mmoja ametembeaje na Mungu wiki hiyo. Kiongozi alikuwa Mutwiri. Aliniona akanitambua, lakini zamu yangu ilipofika aliniuliza kama wengine.

"Nimetembea vibaya," nikasema. "Asubuhi hii nimemhukumu mtu kabla ya kumuuliza."

"Na mimi," akasema polepole, "niliandika kwamba kuna kanisa, nikaficha kwamba halina ukuta."

"Wala mlango," Mama Nekesa akaongeza, watu wakacheka.

Baada ya ibada Mutwiri alinisindikiza stesheni. "Dada, nitangoja mpaka paa lipande."

"Kaari ana mikono," nikamwambia. "Aje mjenge naye."

Njiani kurudi niliwaza juu ya kanisa letu la mawe. Nilizaliwa nikalikuta limesimama, na sikuwahi kuuliza walioanza walisali wapi kabla ya kulijenga.

Jumatano, Kaari alinipokea mzigo uani. "Kanisa lao ni kubwa?"

"Sijui bado," nikamjibu. "Lakini nimelikalia, na ni imara."